Jeneza Halikuzuiwa

Kule Mtwara mjini chama chetu, Ngao, kilikaa kikao cha tathmini ya uchaguzi, wakajiuliza mchana kutwa kwa nini Ngao imeanguka katika kata yetu. Wakasema bei ya korosho. Wakasema vijana wa siku hizi. Wakasema wapinzani wetu wa Mtumbwi walimwaga kanga na sukari. Mimi, Somoe, mke wa mgombea aliyeanguka, nilikuwa napakua pilau mlangoni, nikawasikia wote. Wangeniuliza ningewaambia, maana nilikuwepo.

Kwetu Ngao ilishinda miaka yote kwa sababu ya mama mkwe wangu, Bi Saida. Basi. Si ilani wala hotuba. Bi Saida alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa Ngao, na hakukuwa na msiba kati ya Mahurunga na Kitaya asiofika na sufuria lake. Akifa mtu wa Mtumbwi, anakwenda. Akifa mlevi asiye na ndugu, anakwenda, anasonga ugali, anafua matandiko. Siku ya kura watu walikuwa wanamchagua yeye, hata kama jina kwenye karatasi ni la mwingine. Mume wangu Shafii alipopitishwa kugombea udiwani, akadhani wanamtaka yeye. Wanaume bwana.

Kampeni ikiwa katikati, Bi Saida akafariki.

Sasa kwetu, mwenzangu, maiti haitoki nyumbani hivi hivi. Kila ukoo una watani wake, ukoo mwingine waliorithishana nao utani tangu enzi za mababu. Watani ndio wanaochimba kaburi. Ndio wanaovaa nguo za marehemu na kumwigiza, watu wacheke huku wanalia. Jeneza likitoka wanajilaza njiani, wanalizuia mpaka wapewe jogoo. Ukimkasirikia mtani msibani umejivua nguo mwenyewe. Hilo hata mtoto analijua.

Mtani wetu mkubwa alikuwa Zuberi, mkulima wa mihogo, mtu wa Mtumbwi damu damu, kifua kibovu cha pumu lakini mdomo haupumziki. Bi Saida alimpenda kama mwanawe. Siku ile alishinda kaburini anachimba, akaja, akajifunga kanga ya marehemu, akavaa kofia yake ya Ngao, akajilaza mbele ya jeneza. Akaanza kwa sauti ya Bi Saida mwenyewe: "Shafii mwanangu, Ngao nimeipigia kura maisha yangu yote na kisima bado matope. Sipiti hapa. Nahamia Mtumbwi, nasikia wao huko ahera wana maji."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka huku kamasi zinanitoka, na tangu mama afe ndiyo kwanza nikapumua vizuri.

Lakini kando ya Shafii alisimama katibu wa chama kutoka mjini, Innocent, mtu wa bara. Hana ubaya, ila desturi zetu hazijui. Akamnong'oneza, "Mheshimiwa, unamwacha mpinzani akuchafue mbele ya maiti ya mama yako?" Shafii alitakiwa kujibu tu, "Katibu, huyu ni mtani." Yangekwisha. Badala yake akamtazama katibu, akaona aibu ya kuonekana mshamba. Akawaita mgambo.

"Mtoeni huyu."

Zuberi alidhani na huo ni utani. Aliondoka akicheka, kanga kiunoni, akidai jogoo wake.

Wakamfungia kwenye stoo ya bati, jua la Septemba linawaka. Nilimfuata Shafii nikapiga magoti, mimi ambaye sipigi magoti ovyo. "Baba Issa, yule ana pumu. Mtoe, mpe jogoo wake, yaishe."

"Mama Issa, akae apoe kidogo mpaka mkutano wa hadhara wa kesho upite," akasema. "Nikimtoa leo katibu ataniona dhaifu."

Nilimchukia. Nasema wazi, mume wangu nilimchukia.

Mkutano ukapita na muziki wake na vumbi lake. Walipofungua stoo, Zuberi hakuwa na pumzi ya kusimama. Alikata roho juu ya bodaboda kabla ya kufika hospitali, kanga ya mama mkwe wangu bado iko kiunoni.

Na utani ni wa pande mbili. Akifa Zuberi, wa kuvaa nguo zake na kujilaza mbele ya jeneza ni Shafii. Nilimsihi asiende. Akasema asipokwenda ndiyo amekwisha kabisa, hatakuwa na wa kumzika. Kwa hilo alisema kweli. Tukaenda.

Tulipoingia uani, vijana wa ukoo wao wakanyanyuka wamtoe. Mjane wa Zuberi akawazuia kwa mkono. "Mwacheni mtani afanye kazi yake," akasema. "Zuberi aliifanya." Akampa Shafii kofia ya marehemu kwa mikono miwili.

Shafii akaivaa, akajilaza njiani. Akafungua mdomo amwigize Zuberi, na kilichotoka ni ule mkoromo wa kifua, maana ndiyo sauti ya Zuberi tuliyoizoea wote. Hakuna aliyecheka. Mimi nilijifunika uso kwa mtandio. Wakangoja amalize, wakampa jogoo, jeneza likapita.

Kura zilipohesabiwa, Ngao ilianguka hata kwenye kituo cha jirani na mlango wetu. Sikushangaa. Mimi mwenyewe sikumpa.

Shafii hakuweza kumchinja yule jogoo. Alimfunga uani, akawa anamlisha pumba. Kisha akafariki mjomba wake, mkuu wa ukoo wa akina Shafii, na kwetu mjomba ndiye mzazi. Nikamwona Shafii anamfungua jogoo, anamkumbatia, macho yamechangamka kidogo. Alijua watani watakuja.

Walikuja wote. Walichimba kaburi zuri, walitupa pole mmoja mmoja, hata mjane wa Zuberi alikuja. "Pole sana, mheshimiwa," walimwambia Shafii, kama wanavyomwambia mgeni kutoka wilayani. Jeneza likatoka. Shafii alikuwa amesimama njiani na jogoo kwapani. "Jamani, zuieni," akasema. "Watani, zuieni basi." Walimzunguka kwa adabu, wakabeba jeneza taratibu, wakapita.

Usiku siku hizi ananiuliza akifa yeye itakuwaje. Namwambia alale. Jogoo yuko palepale uani, anawika kila alfajiri, na hatuna wa kumpa.