Nyati Kando ya Njia

Nyati mmoja alikuwa akiharibu mihogo upande wa Lusangi, na kwa kuwa nina bunduki, chefu, mkuu wa kijiji chetu, alinipatia kibali cha kumwua. Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kutembea na Papa Musafiri, mjuzi wa nyayo, anayekuonyesha pa kukanyaga na wakati wa kupiga. Au nipelekwe kwa pikipiki hadi kibanda cha msituni, niachwe na unga na maji, nifuatwe siku ya tatu.

"Peke yako uko na macho mbili tu, mutoto wangu," alisema Papa Musafiri. "Nyati anapendaka kupita nyuma."

Nina watoto wanne. Nilichoka kuitwa mtoto mbele ya watu. Nikachagua pikipiki.

Clovis, dereva, ambaye huniita yaya, yaani kaka mkubwa, aliniacha huku akicheka. "Yaya Aristote, siku ya kukufuata, nikisikia bunduki nakuja mbio na gunia. Usikule maini yote!"

Siku ya pili, jioni, nilimpiga nyati, akakimbia. Nilifuata damu hatua ishirini, kisha nikaona kwato zimegeuka. Alikuwa amezunguka nyuma yangu. Nikapanda mti na kubaki huko hadi kulipokucha.

Ndipo nikamwona. Alikuwa amelala nyasini, kando kabisa ya njia ya Clovis, masikio tu yakicheza. Kutoka pale juu sikuweza kumpiga vizuri. Nilibaki na risasi moja.

Kwa mbali pikipiki ikaunguruma.

Nilijaribu kufikiri polepole. Nikipiga risasi hewani, Clovis ataongeza mwendo akidhani ni nyama. Nikipiga kelele, atakayesikia ni nyati, si yeye. Ilibaki kushuka.

Miguu ilikataa. Niliishusha mmoja mmoja, kwa mikono. Nikazunguka kwenye miiba nikiwa nimeshikilia pumzi, nikatokea njiani kwenye daraja la magogo, Clovis akiwa anakaribia.

"Zima," nikanong'ona.

Alizima. "Nyama iko wapi, yaya?"

"Inatusikiliza."

Kicheko chake kilikatika. Tuligeuza pikipiki, tukaisukuma bila kuiwasha. Nyuma yetu tawi lilivunjika. Baadaye kidogo, jingine. Clovis alikuwa akiomba Mungu kwa midomo tu. Hatukuwasha hadi tulipoona moshi wa nyumba za watu.

Papa Musafiri alisikiliza yote. Hakunicheka. Aliwatuma watoto wawaambie kina mama wasiende mashambani, kisha akavaa viatu.

"Ukanyage pale nitakanyaga."

"Ndiyo, papa."

Tulirudi kwa miguu na ile risasi moja, kwani kijijini hakukuwa na nyingine. Tulipofika karibu na mti wangu, nyasi zilikuwa zimelala, zimelowa damu. Nyati hakuwepo.

Papa Musafiri hakutazama mbele. Aligeuka taratibu, akatazama tulikotoka, akainua mkono. Hakuna ndege aliyekuwa akilia.

"Sasa," alisema kwa sauti ndogo sana, "usitikisike mpaka nikuambie."

Nikaiinua bunduki yenye risasi moja, nikangoja neno lake.