Maji Nusu Kioo

Baba alifika karakana kabla mlinzi hajafungua lango, amevaa sare yake ya udereva, imepigwa pasi hadi ingeweza kusimama yenyewe. Alikuwa amestaafu miaka ishirini na mitano, na suruali bado ilimwenea. Fundi mkuu, yaani bintiye, ambaye hupigana na zipu kila Jumatatu, alimwonea wivu waziwazi.

Siku hiyo injini ya mvuke ingetembea kwa mara ya mwisho, kutoka karakana hadi stesheni, kisha igeuzwe pambo la bustani. Bosi alikubali iendeshwe na dereva wa mwisho aliyebaki hai, kwa sharti moja: fundi mkuu atie sahihi kwamba mzee anaiweza. Kwa ajili ya sahihi hiyo mzee hakuwa amelala vizuri wiki nzima.

Alipanda, akashika kila mpini bila kupapasa, akaanza somo lile lile ambalo bintiye alilijua tangu ana mapengo. Moto unachemsha maji, maji yanakuwa mvuke, mvuke unakosa pa kwenda, unaisukuma pistoni, pistoni inasukuma mtaimbo, na gurudumu halina hiari.

"Dizeli zenu zinanguruma tu," alisema. "Hii inapumua."

Binti alicheka. Harufu ya makaa na mafuta ya moto ilimrudisha jikoni kwao, jioni, mama ametega sikio. Zamani kila dereva alikuwa na mpigo wake wa honi. Baba akifika kwenye kona alipiga miwili mifupi na mmoja mrefu wa kuvuta, na mama, bila kusema neno, alibandika maji ya kuoga. Sasa mama alikuwa na miaka sita kaburini.

"Haya, Baba. Maji yamefika wapi?"

Mbele ya dereva kuna mrija wa kioo unaoonyesha maji yaliyomo ndani ya boila. Yakipungua kupita kiasi, chuma kilicho juu ya moto huungua, na boila linaweza kulipuka. Mzee aliugeukia mrija.

"Nusu."

Kweli ilikuwa nusu. Binti akatoa kalamu.

"Ngoja kwanza," mzee akasema, ualimu umempanda kichwani. "Nilikufundisha nini? Kioo huziba kikadanganya. Fungua kile kibomba cha chini, uyamwage, tuone yatarudi mpaka wapi."

Akafungua. Maji yakatoka na uchafu mweusi. Alipofunga, yakarudi polepole, yakaishia kidole kimoja kutoka chini.

"Unaona?" mzee akasema, amekikodolea kioo, anatabasamu. "Nusu vile vile."

Binti alishusha kalamu. Alichoweza ni kufungulia maji mengine yaingie kwenye boila, nayo yakaingia yakivuma. Tabasamu la mzee likaanza kufifia. Kwa masikio yale, hakuhitaji kuelezwa kwa nini mtu anaongeza maji.

"Yalikuwa wapi?"

"Kidole kimoja, Baba."

Mzee akaeleza kwamba ukungu ulianza mwaka juzi, jicho la kushoto kwanza. Nusu alikisia tu, maana ndicho kipimo alichozoea kukikuta kila asubuhi. Alitaka kilomita mbili basi, na njia ile angeipita hata usingizini. Binti alitamani kumwambia sawa. Lakini kando ya reli watoto wa shule walikwishaanza kujipanga, na kalamu ikawa nzito.

Mzee ndiye aliyemwokoa. Alivua kofia, akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa cha mwanawe, akamvika.

"Uliiendesha uani wakati unaitengeneza. Endesha. Mimi nitasikiliza."

Bosi alijikuna kichwa, akakubali. Mzee aliketi upande wa mpiga makaa, akawa anamwambia mwanawe punguza mvuke, sasa ongeza, hapa kuna mwinuko. Hakukosea hata mara moja.

Kwenye kona ile ya zamani, binti akavuta kamba ya honi. Alipiga miwili mifupi, kisha mmoja wa kuvuta, mrefu mno kwa sababu mkono ulikataa kuachia.

Mzee aliinua uso.

"Mama yako atakuwa ameshabandika maji," akasema, akaanza kujifuta masizi usoni.