Aliyemshika Bega

Kwa miaka hamsini na saba Wilhelmina alimwamkia Pius shikamoo, na Pius akaitikia marahaba bila haya, ingawa walipishana miaka mitatu tu. Heshima yote hiyo ilitokana na kipaimara, ile sakramenti ya kupakwa mafuta na askofu.

Enzi hizo, upande wa Kamanga walikokulia, askofu alifika kwenye kanisa dogo la kigango mara moja kwa miaka mitatu, na hakuwa mtu wa kusubirishwa. Watoto walipangwa mstari, kila mmoja na msimamizi wake nyuma, mkono begani. Askofu alimpaka mtoto mafuta ya krisma, akampiga kikofi kidogo shavuni, kisha mtoto akafungwa kitambaa cheupe kwenye paji la uso ili mafuta yasifutike. Wilhelmina, binti wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kila kitu isipokuwa msimamizi. Shangazi yake Modesta, aliyepangwa kumsimamia, alikuwa bado mtumbwini, na ziwa lilikuwa limechafuka.

Katekista Yeremia, mzee wa haraka haraka, alimchomoa Pius kwenye kwaya. "Wewe unacho kipaimara. Mshike huyo bega!"

Basi, ikawa taabu! Watu wa kigango kile wakashikilia kwamba Pius ni baba wa Wilhelmina kiroho, na baba haoi mwanawe. Msichana alipofikisha miaka kumi na minane, Pius alianza kupitapita kwao akiulizia mbegu za viazi asizozihitaji. Mama mtu akamkemea binti: "Achana na baba yako!" Akaachana naye. Kila mmoja akafunga ndoa kwingine, akalea watoto, na mwishowe akamzika mwenzi wake.

Uzeeni wakajikuta majirani huko Kisesa. Jioni Wilhelmina akikata viazi vya michembe, vile vya kuanikwa juani, Pius alikaa pembeni wakapiga soga. Jumapili moja, wakitoka misa, mzee akasema, "Mina, tuoane."

"Baba yangu anichumbie! Una akili wewe?"

"Ninazo. Kamuulize padre."

Wiki nzima Wilhelmina hakutulia. Alimtaka, tusifichane, alimtaka mezani kwake asubuhi na jioni. Lakini padre akikataa je? Hata zile soga zingegeuka dhambi. Asipouliza, angalau angebaki nazo.

Ijumaa akajikaza, akaenda. Padre Jovitus, kijana wa kuzaliwa juzi tu, alimwamkia kwa adabu, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu kama mtu ambaye habari hiyo si ngeni kwake.

"Mama, kushikwa bega siku ya kipaimara hakuzuii ndoa. Hata wakati ule hakukuzuia."

"Hata wakati ule?"

"Hata wakati ule, mama."

Ilimuuma kidogo, asikudanganye mtu. Halafu akamkumbuka marehemu mumewe Ndalahwa, mtu mwema, na watoto wao watano, akaona hana anachojutia. Akaaga, akatoka mbio mbio, umri wake akauacha hapo hapo ofisini.

Alimkuta Pius akigongomea misumari kwenye banda la kuku.

"Hakuna kizuizi!" akasema, akihema. "Padre amesema."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilimuuliza mwaka juzi."

Jamani! Wilhelmina alishika kiuno. "Mwaka juzi! Na ukaniacha nikuamkie kila siku kama mjinga?"

"Ningekuletea jibu mimi, ungenikubali kwa sababu padre karuhusu," Pius alisema, akaweka nyundo chini. "Nilitaka uende mwenyewe, na kukutamkia tu kukanichukua miaka miwili. Mtu haendi kuuliza jambo asilolitaka. Wiki nzima hii sijalala, Mina. Niliogopa hutaenda."

Hasira na furaha vilimpanda kwa pamoja, asijue aanze na kipi. Machozi yakamtangulia.

"Mzee mbaya wewe," akasema. "Kanawe mikono, twende kwa padre sasa hivi, kabla sijaghairi."