Lango la Sita

Tarehe kumi na moja Agosti nilitoa mbao mbili kwenye lango lisilo sahihi, na bata wakaanza kufa. Sikuwa nimelewa, sikuwa mgonjwa, na hakuna aliyenidanganya. Nilikuwa na miaka ishirini na sita kwenye kazi hiyo.

Naitwa Verl Stroud. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano nikaenda kubeba marobota ya majani ya ng'ombe, na baadaye jimbo likaniajiri kwenye Hifadhi ya Sandhorn, huku Oregon ya mashariki. Hifadhi yenyewe ni mabwawa saba ya kina kifupi, yamepangwa kama ngazi katikati ya nchi kavu. Maji yanatoka mferejini, yanashuka bwawa hadi bwawa, mpaka la Saba ambalo ni la mwisho. Kati ya bwawa na bwawa kuna lango la zege lenye mbao zilizolala moja juu ya nyingine. Ukitoa ubao, maji yanashuka bwawa la chini. Ukiurudisha, yanasimama. Kazi yangu ni hizo mbao.

Kuamua ni kazi ya mwanabiolojia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa Orrin Pruett. Alipostaafu wakatuletea Maite Goicoechea, mwanamke wa miaka thelathini na miwili mwenye shahada ya udaktari katika elimu ya ndege wa majini. Babu yake alikuja kutoka kwa Wabaski huko Ulaya kuchunga kondoo kwenye milima yetu hii, kwa hiyo hakuwa mgeni wa vumbi. Mimi nilimwita Dokta, na haikuwa kwa heshima.

"Dokta, haya matete Orrin alikuwa anayachoma mwezi wa tatu," nilimwambia wiki yake ya kwanza.

"Orrin yuko Arizona anacheza gofu, Verl. Mwaka huu tunakata."

"Haya. Wewe ndo umesoma."

"Na wewe ndo umenuna. Shika mkate, mama kaweka soseji ya pilipili."

Niliupokea mkate nikaula. Kununa sikuacha.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Theluji ya milimani ilikuwa ndogo, na kufikia Julai maji yalibaki kwenye mabwawa mawili tu, la Tano na la Sita. La Saba lilikuwa kavu tangu Mei, magugu yamefika kiunoni. Bata wote wa eneo zima walikuja kwenye Sita kunyonyoka manyoya. Bata akinyonyoka manyoya ya mbawa hawezi kuruka kwa mwezi mzima. Anakaa pale alipo, na maji yakimwishia, naye anakwisha. Maite aliwahesabu kwa darubini akapata elfu sita na kitu. Maji ya Sita yalikuwa yanapungua kila siku, yanapata moto, na yeye alikuwa halali.

Alikwenda kwa watu wa mfereji mara nne kuomba. Mwishoni wakampa siku kumi za maji. Tukalijaza la Tano mpaka juu. Mpango ulikuwa kuyashusha maji hayo kwenye Sita, kina kiongezeke, yapoe, bata wamalize mwezi wao. Ilimbidi kwanza aende makao makuu ya jimbo siku mbili kugombea maji ya mwaka unaofuata. Akaniambia nisubiri simu yake, atazame kwanza utabiri wa upepo.

Simu ilikuja saa nne asubuhi. Alikuwa barabarani, sauti inakatika.

"Verl, toa mbao mbili Lango la Sita."

"Lango la Sita?"

"Ndiyo. Mbili. Leo, kabla joto halijapanda."

"Sawa."

Hapo ndipo penyewe. Kwa Orrin, na kwangu mimi, lango linaitwa kwa jina la bwawa linalomwaga. Lango la Sita ni lile linalotoa maji ya Sita kuyapeleka Saba. Ndivyo tulivyosema miaka yote. Lakini kwenye ramani ya ofisini, ambayo Orrin hakuwahi kuifungua, lango limeandikwa jina la bwawa linalopokea. Maite alijifunza hifadhi kwa ramani. Kwake Lango la Sita ni lile la juu, linaloingiza maji ya Tano ndani ya Sita.

Nikasimama juu ya lango la chini na ndoano yangu ya chuma. Nilitazama Sita, bata wametanda kama kokoto. Nilitazama Saba, magugu na ardhi iliyopasuka. Joto lilikuwa linakaribia nyuzi mia moja za Farenhaiti. Kila mtu aliyefanya kazi hii hata msimu mmoja anajua kwamba huweki maji kwenye ardhi kavu mwezi wa nane. Majani yanaoza, wadudu wanakufa ndani ya matope ya moto, na vijidudu vilivyolala kwenye udongo vinaamka na kutengeneza sumu. Botulizimu. Bata anakula mdudu mwenye sumu, shingo inalegea, kichwa kinaingia majini, anazama akiwa mzima.

Nilijua. Simu ilikuwa mfukoni. Nilijiambia: sijaulizwa, nimeagizwa. Acha Dokta aone mwenyewe. Nikazing'oa mbao mbili, maji yakaruka kwenda Saba, nikaenda kula.

Maite alirudi siku ya tatu mchana. Nilikuwa napaka grisi trekta. Aliteremka kwenye pikapu kabla haijasimama vizuri.

"Nani kaweka maji Saba?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema Lango la Sita, mbao mbili."

"Lango la Sita ndo lile la juu, Verl! La juu!"

"Tangu lini?"

Alikimbia kwenye tuta, nami nyuma yake. Sita ilikuwa imeshuka futi nzima, pembeni ni matope matupu. Na Saba ilikuwa inang'aa, maji ya kufika kifundo, yamejaa mbegu na wadudu. Bata hawakuhitaji mbawa kwenda huko. Walikuwa wamepita langoni wanaogelea, familia kwa familia, wakifuata chakula. Zaidi ya nusu walikuwa wameshahamia.

"Rudisha mbao," alisema. "Fungua la juu. Zote. Halafu tunawaswaga warudi."

Nilifanya. Alikuwa bado anaamini kuna muda, na mimi nikaamini naye. Tulipeleka boti mbili zinazosukumwa na feni na wavu mrefu, tukakusanya wawindaji sita wa mjini wanaopenda bata kuliko wake zao. Tuliwasukuma bata kutoka chini kwenda langoni kwa siku mbili. Bata asiyeruka hakimbilii unapotaka wewe. Anapiga mbizi, anapita chini ya wavu, anaingia kwenye magugu na kujilaza. Tulipitisha labda mia nne. Jioni ya siku ya pili tukawaona mia tatu kati yao wakirudi Saba kando ya tuta, kwa miguu, kama watu wanaotoka kanisani.

"Hawa wana kichwa kigumu kuliko wewe," Maite alisema akicheka, na hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichosikia.

Kesho yake asubuhi alikuta wa kwanza. Bata mkia-sindano, jike, amekaa kwenye maji, kidevu juu ya maji, anajaribu kuinua kichwa. Maite alimwinua. Shingo ilining'inia kama soksi yenye maji.

"Bado mzima," alisema. "Lete maji safi na bomba la kumnyweshea."

Kufikia mchana tulikuwa na hamsini na watatu. Kufikia kesho yake sikuhesabu tena wale wagonjwa, nilihesabu magunia.

Namna pekee iliyobaki ilikuwa maji mengi, ya baridi, yapite na kuiosha Saba. Siku kumi zetu zilikuwa zimebaki mbili. Nikaenda kwa Lamar Tibbets, anayefungua na kufunga mfereji. Tumecheza naye mpira tukiwa vijana.

"Siku tano tu, Lamar."

"Hata moja. Watu majani yao yanaungua shambani. Nikikupa wewe, kesho nitapata wapi pa kunywea kahawa?"

"Ni elfu sita, bwana."

"Bata hawapigi kura, Verl." Akanitazama vizuri. "We unalia?"

"Vumbi."

"Mungu wangu. Sikiliza, nitachelewa kufunga Ijumaa. Kwa saa mbili, tatu hivi. Nikiulizwa, tairi lilipasuka. Zaidi ya hapo wananifukuza."

Alichelewa kwa muda wa saa nne. Kwenye bwawa la ekari mia mbili, ni kama kutemea mate kwenye jiko.

Baada ya hapo ilikuwa mizoga. Mzoga ndio unaoendesha ugonjwa huu. Bata akifa juani, siku ya tatu amejaa funza, na funza wamejaa sumu. Wenyewe hawadhuriki. Bata mzima anakuja, anaona chakula, anakula funza watatu au wanne, naye anakuwa mzoga. Kwa hiyo unaokota. Unaokota haraka kuliko wanavyokufa, au umeshindwa. Tulivaa suruali za mpira hadi kifuani na kutembea mistari, kuanzia alfajiri mpaka miguu ikatae, kwenye magugu yanayooza, harufu inakaa mdomoni hata ukinywa kahawa. Wawindaji sita walibaki wanne, kisha wawili. Katapila lilichimba shimo nyuma ya ghala, tukamwaga chokaa, tukachimba la pili.

Siku ya tisa nilimkuta Maite amepiga magoti kwenye maji, bata wagonjwa watatu kifuani, anawashika vichwa vyote vitatu juu kwa mkono mmoja. Mdomo wake ulikuwa umepasuka kwa jua.

"Nikaandike nini, Verl?" aliuliza. "Makao makuu wanataka maelezo. Nimeandika kwamba amri ilikuwa yangu na haikuwa wazi. Ni kweli. Ningesema lile la kati ya Tano na Sita, kisingetokea kitu."

Ningeweza kunyamaza. Nilishanyamaza mara moja.

"Nilijua, Dokta."

"Ulijua nini?"

"Kwamba hakuna mtu anayeweka maji Saba mwezi wa nane. Nilisimama pale na ndoano mkononi na nilijua. Simu ilikuwa mfukoni. Nilitaka nikuone ukikosea."

Nilingoja matusi, na ningeyapokea kwa furaha. Mmoja wa wale bata alitikisika, akatulia. Maite alimwangalia, akamtoa kifuani, akaninyooshea.

"Shika gunia," alisema.

Tukaendelea na mstari. Hatukuliongea tena siku hiyo wala nyingine yoyote. Nilipiga simu makao makuu mwenyewe, nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa. Bwana aliyepokea aliniuliza kama kuna amri yoyote ya maandishi niliyoivunja. Nikasema hapana. Akasema basi mimi nilitekeleza maagizo, na mwenye dhamana ya maagizo ni mwanabiolojia.

"Nimekwambia nilijua," nikasema.

"Kujua hakumo kwenye fomu, Bwana Stroud."

Waliobaki wazima kwenye Saba walianza kuota mbawa wiki ya mwisho ya Agosti, na wengine waliruka. Lakini makundi yanayohamia kusini yalikuwa yameanza kuteremka kutoka Kanada. Yaliona maji mahali ambapo kwa maili sitini hakuna maji, yakatua. Tulifyatua baruti za kutisha, tukapiga honi, tukakimbiza boti. Walitua. Ilikwisha tarehe ishirini na nne Septemba, baridi ilipogandisha maji pembeni mwa bwawa na funza wakafa.

Tulihesabu kila mzoga kabla ya kuufukia, maana ndiyo kazi. Bata mkia-sindano 3,871. Bata kichwa-kijani 2,640. Bata wadogo wa mbawa za buluu na kijani 1,905. Kukuziwa 702. Ndege wa matopeni wenye miguu mirefu 214. Bata bukini 45. Mwari 9. Jumla 9,386. Waliozama kwenye matete hawamo. Wagonjwa tuliowanywesha maji kwa bomba 611, waliopona 240. Mashimo matatu. Siku arobaini na mbili. Maji ya mwaka uliofuata hatukupewa, sababu iliyoandikwa ni usimamizi mbaya. Maite Goicoechea aliandika barua ya kuacha kazi tarehe mbili Oktoba, na hafanyi tena kazi ya ndege. Mimi sikukatwa hata mshahara wa siku moja.