Nafasi Kando ya Radomir

Mama mkwe wangu, Desanka, ana kaburi tangu mwaka 1974. Jina lake limechongwa pale, mwaka wake wa kuzaliwa, kistari, halafu jiwe tupu. Kwetu ni kawaida: mume akitangulia, linawekwa jiwe la watu wawili, na aliyebaki anamwagilia maua mbele ya jina lake mwenyewe.

Kilichokosekana ni picha. Upande wa kushoto yupo Radomir, mumewe, kwenye picha iliyochomwa juu ya kigae cha duara. Ana miaka ishirini na saba, nywele nyeusi tele, na tabasamu la mtu asiyejua kwamba wiki tatu baadaye magogo yatamporomokea kutoka kwenye lori. Upande wa kulia kuna duara tupu lililosubiri miaka hamsini na moja.

Mwaka huu, mwezi wa kumi, Mama alitangaza mezani kwamba duara lijazwe kabla ya Jumamosi ya Wafu, siku tunayopeleka chakula makaburini. Chanzo kilikuwa jirani yetu Rosanda, aliyekufa bila kujiandaa, wanawe wakamwekea picha ya kitambulisho.

"Mmemwona alivyo pale?" Mama alisema. "Utadhani mwizi wa kuku. Mimi hamnifanyii hivyo. Nitachagua mwenyewe, maadamu macho ninayo."

Dragutin, fundi wa mawe, alituambia picha imfikie Jumapili kabla ya jua kuzama, la sivyo tungoje mwakani. Kwa hiyo Jumapili, baada ya chakula cha mchana, tulikaa mbele ya televisheni: Mama kwenye kiti chake, Zvonko mume wangu, mimi, na binti yetu Tijana aliyerudi kutoka chuoni. Tijana ndiye mwenye simu iliyounganishwa na televisheni. Majira ya baridi yaliyopita alizipiga picha upya zile zote za karatasi zilizokuwa kwenye droo ya cherehani, moja moja, na akaandika mwaka wa kila moja.

Zamani picha ilipita mkono kwa mkono. Uliishika pembeni usiichafue, na aliyetaka kukaa nayo alikaa nayo. Siku hizi mtu anakunyooshea simu lakini haiachii, anaogopa kidole chako kisije kikateleza hadi mahali pasipokuhusu. Kwenye televisheni angalau wote tunaona sawa. Ubaya wake ni kwamba wote tunasema pia.

"Hii je, Bibi? Umependeza."

"Hapo nimefumba mdomo kwa sababu sikuwa na meno."

"Na hii?"

"Nani ataniona hapo? Kinachoonekana ni kitambaa cha kichwa na ng'ombe."

"Ng'ombe katoka vizuri," Zvonko akasema.

"Basi kamweke ng'ombe."

Tijana akaleta nyingine, aliyoilainisha mwenyewe kwa simu. Makunyanzi yote yalikuwa yameondoka.

"Huyo nani?"

"Wewe, Bibi."

"Huyo ameshakufa. Wamempaka poda tayari kwa jeneza."

Saa nzima ilikwenda hivyo. Picha zaidi ya mia mbili, na kila moja ilikuwa na kasoro. Mimi si mtu wa subira, na miaka ishirini na sita katika nyumba ile haikuniongezea hata chembe. Niliweka kikombe changu cha kahawa chini kwa kishindo.

"Mama, hakuna picha utakayoipenda. Tuambie tu unataka nini."

Alinitazama kwa hasira, kisha hasira ikamtoka.

"Nikiwekwa pale kando yake," alisema, "watu watadhani mimi ni mama yake."

"Mama, kijiji kizima kinakujua," Zvonko akasema.

"Mkishakufa ninyi nyote, nani atanijua? Jiwe litabaki. Atapita mtu, ataona kijana na bibi kizee, atasema maskini, mama wa watu alimzika mwanawe." Alivuta sketi yake ikafunika magoti. "Na yeye je, akiniona hivi? Basi nizikeni kwa dada yangu, ng'ambo ya mlima. Hapo paachwe wazi."

Hakuna aliyecheka. Mama hatishii bure. Zvonko alizaliwa miezi miwili baada ya magogo yale, na alipotimiza miaka ishirini na saba, umri wa baba yake, Mama alizificha funguo za trekta ndani ya pipa la unga kwa mwaka mzima. Tulilima kwa jembe la mkono, mimi bibi harusi wa juzijuzi, nikimlaani kimoyomoyo kila asubuhi. Mwaka ulipokwisha aliziweka mezani, bado zina unga. Mtu wa namna hiyo akikuambia umzike ng'ambo ya mlima, utamzika ng'ambo ya mlima, na Radomir atabaki peke yake chini ya jiwe la watu wawili.

"Ngojeni," Tijana akasema, akiinamia simu yake. "Simu hukusanya picha kwa sura za watu. Nikibonyeza uso wa Baba, tutapata zile ambazo Bibi yuko naye. Huwa anacheka akiwa na Baba."

Akabonyeza. Kwenye kioo cha televisheni akatokea mwanajeshi kijana.

"Huyo si mimi," Zvonko akasema.

"Ni Babu! Simu imechanganya, inadhani wewe na Babu ni mtu mmoja. Ngoja niwatenganishe."

"Usiguse," Mama akasema.

Picha zikaanza kupita zenyewe, kwa mpangilio wa miaka aliyoiandika Tijana. Radomir jeshini, 1969. Radomir juu ya lundo la nyasi kavu. Radomir siku ya harusi, kola imembana. Radomir wa kwenye jiwe, 1974. Za utotoni mwa Zvonko simu haikuzitambua, kwa hiyo iliyofuata mara moja ilikuwa ya 1999: bwana harusi, uso uleule, na mimi kando yake na zile nywele zangu za wakati ule, Mungu anisamehe. Kisha masharubu. Kisha bila masharubu. Miwani. Paji la uso likipanda mwaka hadi mwaka. Kitambi. Na ya mwisho, ya mwaka jana, siku tulipopika jamu ya plamu uani: mwanamume mwenye kipara na ndevu za mvi, na Mama kando yake.

Nimeamka kando ya uso ule miaka ishirini na sita, lakini sikuwahi kuuona hivyo, maisha ya mtu mmoja yasiyokatika popote. Mama alikuwa ameinama mbele, viganja magotini.

"Rudisha," alisema. "Polepole."

Tijana akarudisha. Akarudisha tena. Mara ya tatu Mama akaanza kucheka.

"Kumbe angekuwa na kipara! Miaka hamsini ananitazama na zile nywele zake, kana kwamba ni mimi tu niliyezeeka. Kumbe angekuwa na kipara na kitambi, mpuuzi yule!"

Kisha akalia, kwa sauti, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Tijana alimshika mkono. Zvonko alitazama sakafu. Tangu utotoni ameambiwa anao uso wa baba yake, na siku zote ameuvaa kama koti la kuazima.

Mama alipomaliza alijifuta uso kwa kona ya aproni akaonyesha kioo. "Hiyo ya mwisho."

Katika ile ya plamu alikuwa anacheka mdomo wazi, kitambaa kimeteleza nyuma, nywele nyeupe zote nje. Zvonko alikuwa amesimama kushoto, mkono wake juu ya bega la Mama.

"Hapo ndipo nilipo," Mama alisema. "Akinicheka, na mimi nitamcheka."

Tijana akaituma. Haikupita nusu saa fundi Dragutin akapiga simu, tukamweka kwenye spika.

"Picha nzuri sana, bibi Desanka. Mwanamume nitamkata. Ila mkono hauna njia, unaingia ndani ya duara. Nitaufuta, nitachora nguo juu yake."

"Ufute," Mama akasema upesi. Akatema mate ya uongo mara tatu kufukuza mkosi, tfu, tfu, tfu. "Mkono wa aliye hai hauwekwi kaburini."

"Usifute," Zvonko akasema.

"Zvonko!"

"Fundi, ngoja kidogo." Aliinuka akasimama nyuma ya kiti cha Mama. "Mama, ule mwaka wa ishirini na saba ulishapita. Nina hamsini na moja. Nina kipara, umekiona mwenyewe."

"Nyamaza, usijitabirie."

"Uliponifichia funguo sikukuuliza kitu. Sasa ni mimi ninayeomba. Yeye hakupata muda wa kuuweka mkono hapo. Acha nimwazimishe wangu."

Akauweka begani kwake, palepale. Mama aliutazama kwa pembe ya jicho, kama anayeukagua. Nilijua anachokihesabu: magogo, lori, trekta, kila kilichowahi kumnyima usingizi.

"Haloo?" fundi akaita. "Mpo?"

"Tupo," Mama akasema. "Uache. Lakini zile kucha zisafishe, ana matope."

Jumamosi ya Wafu tulitandaza kitambaa juu ya kaburi, tukaweka mkate, jibini, na ngano ya kuchemsha yenye sukari. Zvonko alimwaga pombe ya plamu kidogo ardhini, nyingine akanywa. Kigae kipya kiling'aa kuliko cha jirani yake: kijana upande huu, bibi kizee anayecheka upande wa pili, na kutoka upande wa kijana mkono umekuja ukatua begani kwake.

Akapita mwanamke wa rika langu, mgeni kwetu, aliyeolewa Vienna na amekuja kuwasha mshumaa kwenye kaburi la shangazi yake. Alisimama akazitazama zile picha mbili, kisha akamtazama Mama, na uso wake ukalegea kwa huruma.

"Pole sana, bibi. Huyu kijana ni mwanao?"

Lilikuwa jambo lilelile aliloliogopa Mama.

Mama alikata kipande cha mkate, akampa yule mwanamke.

"Mume wangu," alisema. "Sasa hivi angekuwa na kipara. Zvonko, vua kofia, aone."

Zvonko akavua kofia.