Hukuniatari, Mwalimu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nisiwadanganye. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne, na mpaka leo wanafunzi wangu wa zamani, wanaume wazima wenye vitambi vyao, wakiniona hapa Raskazone wanaficha sigara. Nikiona kosa limeandikwa, mkono unaniwasha. Marehemu mke wangu, Ruthi, alikuwa akisema, "Methusela, wewe utafufuka jenezani usahihishe mahubiri ya maziko yako." Siku zile niliona ananisifu.

Mchezo wenyewe tuliletewa na Morita, Mjapani aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu shuleni kwetu. Unaitwa igo. Ubao una mistari, na watu wawili wanaweka mawe kwa zamu, mmoja meusi, mwingine meupe. Jiwe lina pumzi, yaani nafasi tupu zinazoligusa. Ukilizingira jiwe la mwenzio likaishiwa pumzi, unalichukua. Mawe hasa hatukuwa nayo, kwa hiyo upande mmoja tukatumia komwe za bao na upande wa pili vikauri vya ufukweni. Morita akarudi kwao, mchezo ukabaki. Tulikuwa watu kumi na wawili, kila Jumamosi baada ya alasiri, katika darasa la kuazima. Mimi nikawa mwalimu wa klabu, maana hakuna mwingine aliyekubali kutunza ufunguo.

Morita alituachia na maneno yake. Atari ni pale jiwe linapobakiwa na pumzi moja tu. Hane ni kujipinda mbele ya jiwe la mwenzio umzibie njia. Tenuki ni kuacha ugomvi pale ulipo ukaenda kucheza kona nyingine kabisa. Haikupita miezi mitatu, watu wakayafanya vitenzi. "Nimekuatari, shauri yako!" "Mhane huyo, unamwogopa nini?" Aliyevuka mpaka ni Sabiri, dereva wa bodaboda. Mkewe kamlalamikia paa linavuja, yeye anakuja kutuambia, "Nimemtenuki wiki ya pili sasa." Tulicheka mpaka komwe zikamwagika. Kwa Kiswahili sikuwa na neno, Kiswahili kimezoea wageni. Lakini Kiingereza ndicho kilichonilisha, na nilikilinda kama mali yangu.

Sheria moja ya klabu niliitunga mwenyewe. Ukimwacha mwenzio na pumzi moja, lazima useme "atari" kwa sauti asikie. Morita alishatuambia kwamba mabingwa kwao hawasemi, kila mtu aangalie kwa macho yake. Nikasema hapa Tanga tutasema. Hatuviziani. Mtu akikaribia kupoteza aambiwe, na akishaambiwa asipojiokoa, hana wa kumlaumu. Niliiandika kwa chaki juu ya ubao wa darasa na sikuruhusu mtu aifute.

Sasa Asmahani. Huyu ni binti wa Bi Tausi, muuza vitumbua, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na hajui aende wapi. Alikuja klabuni kuangalia tu, akakaa, na baada ya miezi minne akanifunga. Nilinuna siku nzima, kisha nikafurahi, maana sijapata kuwa na mwanafunzi kama yule. Anatazama ubao kimya, anaminya mdomo, halafu anaweka jiwe mahali ambapo hukupafikiria, na wewe umekwisha.

Ndipo Morita aliponiandikia. Chama chao kule Japani kilikuwa kinachukua vijana sita kutoka nje, wakafundishwe igo mwaka mzima, gharama zote juu ya chama. Mwombaji achague mchezo wake mmoja aueleze kwa Kiingereza, na mwalimu wa klabu ndiye autume kabla ya tarehe ishirini kwisha. Nilipomsomea Asmahani ile barua, alijifunika uso kwa mtandio. "Mwalimu, nikipata hii," alisema, "Wallahi sitaomba kitu kingine mwaka huu."

Aliandika kurasa nne kwa siku tatu, akaniletea Jumamosi mbele ya watu wote. Nikavaa miwani. Mstari wa pili tu nikakutana na "I haned." Chini yake, "She ataried me, so I tenukied." Kurasa nne zote hivyo hivyo.

"Hiki nini?" nikamuuliza.

"Maelezo ya mchezo, Mwalimu."

"Kiingereza gani hiki? Neno la Kijapani unalibandika mkia wa Kiingereza, unaliita kitenzi?"

"Wachezaji wote wanaandika hivyo. Nimewasoma kwenye simu."

"Wachezaji gani? Waliokosa walimu!"

Akacheka, naye ana utani wa mama yake. "Basi Mwalimu, wewe Kiingereza ulikitenuki zamani, wenzio wameshahamia kona nyingine."

Darasa likalipuka. Sabiri alipiga meza. Asmahani aliniona uso umebadilika, akainuka papo hapo. "Nisamehe, Mwalimu. Nilikuwa natania tu." Akaweka karatasi zake mezani. "Nakuachia utume. Nakuamini."

"Acha hapo," nikamwambia.

Sikusema zaidi ya hilo. Yeye alielewa kwamba nitatuma. Na mimi nilijua kwamba ndivyo alivyoelewa. Nimejaribu sana kujidanganya juu ya jambo hili, haiwezekani.

Nyumbani nikatoa kalamu nyekundu. Nilizungushia vitenzi arobaini na kimoja, na chini nikaandika "Andika upya." Jumamosi iliyofuata nikaziweka karatasi chini ya ubao wa igo anaochezea siku zote, azikute. Hakuja. Bi Tausi mguu ulikuwa umemvimba, na Asmahani ndiye aliyekuwa anakaanga na kuuza badala yake. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Sabiri aliziona zile karatasi. "Mwalimu, si nimpelekee? Napita mlangoni kwao sasa hivi."

"Atakuja mwenyewe."

"Lakini tarehe..."

"Sabiri, mimi na wewe nani mwalimu?"

Akavaa kofia yake ngumu, akaondoka.

Asubuhi ya tarehe ishirini nilipita mlangoni kwao. Asmahani alikuwa mbele ya jiko la mkaa, anageuza vitumbua. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mama anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo leo, alhamdulillahi." Akanifungia vitumbua viwili kwenye karatasi. Nikaingiza mkono mfukoni, akakataa. "Aka, wewe hulipi hapa."

Maneno yalikuwa mdomoni. Karatasi zako hazijakwenda, leo ndiyo mwisho. Basi, maneno sita. Sikuyasema, kwa sababu nilitaka aanze yeye. Nilitaka aulize, aombe, akiri kwamba mzee anajua. Nilisimama pale nikiona pumzi moja imebaki, nikachukua vitumbua vyangu nikaenda zangu. Nilivila njiani na vilikuwa vitamu.

Siku mbili baadaye hasira zilinishuka, na zilipotoka hazikuniachia chochote cha kushika. Nikazipiga picha zile karatasi na wino wangu mwekundu juu yake, nikazituma, nikamwomba Morita radhi nikasema kosa ni langu. Akajibu siku ile ile. Majina yalishafungwa. Yeye mwenyewe alikuwa amewaombea wenzake wamsubiri mtu wa Tanga mpaka saa ya mwisho, na saa ya mwisho ilipita. Mwaka mwingine hakuna, fedha za mpango ule ndizo zilizokuwa za mwisho. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa mchezo, akaongeza mstari kuhusu jiwe la sitini na moja la Asmahani. Aliandika, "I would have tenukied there too." Morita, aliyezaliwa ndani ya maneno yale. Hakuona kosa lolote. Alichokiona ni kwamba binti anajua kucheza.

Nilikaa na ile simu mkononi nikajichukia.

Asmahani alikuja Jumamosi, mama yake amepona. Alikuwa na bakuli la visheti limefunikwa kitambaa. "Mama anakushukuru kwa kunihangaikia," akasema. "Wameshajibu, Mwalimu?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, wino mwekundu, Sabiri, tarehe ishirini, vitumbua. Sabiri alikuwepo, akatazama sakafu. Wengine wakajifanya wanapanga mawe.

Asmahani hakulia. Ningeshukuru kama angelia, au angenitukana. Aliinua ubao wake, akakuta alama ya vumbi pale karatasi zilipokuwa zimelala. Kisha akageuka akatazama yale maandishi yangu ya chaki.

"Siku ile unachukua vitumbua, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniona nimebaki na pumzi moja."

"Nilikuona."

"Hukuniatari, Mwalimu," akasema. Hakupandisha sauti. "Ungeniatari tu. Ningeandika upya usiku kucha, kwa Kiingereza chochote unachokitaka wewe."

Nilisema nisamehe, akasema amesamehe, na nadhani ni kweli, kwa jinsi alivyolelewa. Lakini lile la kwenda Japani halikurudi. Sasa anauza vifurushi vya simu kwenye kibanda barabara ya Pongwe, na Bi Tausi ananisalimia kama kawaida, jambo ambalo linaniumiza kuliko kama angeninyima salamu.

Nilidhani hataonekana tena klabuni. Anakuja. Anakaa mbele yangu, anaminya mdomo, anacheza vizuri kuliko zamani. Wenzetu siku hizi wamekuwa wazoefu, ile sheria wameiacha, wanavamiana kimya kimya na mimi siwakemei. Yeye peke yake hajaiacha. Kila anaponibakishia pumzi moja, hata pale ambapo mtoto mdogo angeona, huinua macho akanitazama, akangoja mpaka awe na hakika kwamba nimesikia.

"Atari, Mwalimu," huniambia, kwa adabu zake zote.