Fomu ya Maswali Kumi na Mawili

Mimi ni fundi cherehani, na paka wa mtaa huu karibu wote wamepitia mikononi mwangu. Nawaokota, nawapeleka kwa daktari wa mifugo wachanjwe na kufungwa kizazi, kisha nawatafutia makao. Ila paka simtoi hivi hivi kama mabaki ya kitambaa. Nina fomu ya maswali kumi na mawili, na baada ya fomu naenda kukagua nyumba. Mwalimu nilimnyima kwa kuwa dirisha lake halina wavu. Dada yangu wa tumbo moja nilimnyima kwa kuwa alicheka kwenye swali la nne.

Mwenye bucha alipomtaka paka wangu Jicho Moja, nilifurahi, maana nilijua ataanguka. Ukweli ni kwamba Jicho Moja nilimpenda kuliko wenzake wote na sikutaka aondoke. Nikaenda kukagua na kalamu nyekundu mkononi na Jicho Moja kikapuni. Wavu upo, maji safi yapo, siku ya daktari kaiandika ukutani. Nikapiga magoti kuchungulia chini ya kitanda, nikakuta blanketi dogo limeshatandikwa. Sheria ni msumeno. Nikamwacha paka, nikarudi na kikapu kitupu.

Jumatatu nilikwenda kumwangalia. Jioni yake nikapita tena. Alhamisi nilisema wazi kwamba nimeshindwa kukaa bila yeye, nimekuja kumchukua.

Mwenye bucha hakubisha. Alinawa mikono, akavaa miwani, akatoa nakala ya fomu yangu mwenyewe.

"Shangazi, una paka wangapi nyumbani?"

"Saba."

"Hapa inasema wasizidi watatu. Madirisha yana wavu?"

Swali hilo nimewauliza watu miaka sita, na dirisha langu halijawahi kuujua wavu.

"Vitu vyenye ncha unavifungia wapi?"

Nikatazama pini zilizochomekwa kifuani pangu, kumi hivi, za gauni nililoshona asubuhi.

"Umeanguka, shangazi," alisema kwa upole, kama ninavyowaambia wenzangu.

Iliniuma sana. Tena nikajivunia kidogo, maana fomu ile haina upendeleo. Alinisogezea kigoda karibu na blanketi, akaniambia ukaguzi unaruhusiwa kila siku. Nikakaa. Jicho Moja alikuwa amelala, na hakufungua hata hilo moja.